Kilima cha Saa Kumi na Mbili na Nusu

Siku ya hamsini ya majaribio, uvimbe wa watu wanane ulikuwa umepungua na wa mtu mmoja ulikuwa palepale. Elinihaki Mgonja aliutazama mstari wa chumba cha saba kwenye skrini akaona aibu, kana kwamba ni yeye aliyekataa kupona.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na kazi yake ilikuwa kupima na kuwahudumia wagonjwa. Kituo cha Ikungwe kilijengwa juu kabisa katika milima ya Upare, ambako ukungu huingia bila hodi na kutoka ukitaka wenyewe, na ndani yake mtu mwenye afya alikuwa yeye peke yake. Daktari Kokuhirwa, mkuu wa majaribio, alipanda kutoka Same kila Jumatatu asubuhi na kuteremka jioni. Wengine tisa walikuwa wajitoleaji, wote wenye saratani ya kongosho. Kila mmoja alikaa katika chumba chake chenye ukuta wa kioo upande wa korido, bila kumwona wala kumsikia mwenzake, kwa siku mia moja na ishirini.

Upweke huo haukuwa adhabu. Ulikuwa sehemu ya dawa, na Elinihaki alijivunia kwamba aliweza kumweleza mtu yeyote sababu yake, ingawa hakuwapo mtu wa kumweleza. Katika kiini cha kila seli ya mwili mna vipokezi, navyo vinafanya kazi kama makufuli. Ufunguo ukiingia, jeni zilizolala huamka. Seli ya saratani ni seli iliyokataa kukomaa. Inazaana tu, haifanyi kazi iliyoumbiwa. Dawa waliyokuwa wakiijaribu iliingia katika kufuli mojawapo ikaiamuru seli ikomae, itulie, iache kuzaa. Tabu ni kwamba makufuli hayo hayakutengenezwa kwa ajili ya dawa. Mwili una funguo zake. Vitamini A ni ufunguo, kwa hiyo wajitoleaji hawakula maini, karoti wala mafuta ya mawese. Ngozi ikiota jua hutengeneza ufunguo mwingine, kwa hiyo jua lao lilikuwa taa ya darini iliyowaka na kuzimwa kwa saa. Tena kulikuwa na ufunguo uliogunduliwa miaka michache tu iliyopita, ambao mwili huutoa damuni mtu anapokuwa na watu anaowafurahia. Waliuita kishirika. Kishirika kikitangulia kuingia kwenye kufuli, dawa hukuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana hapakuwa na redio wala barua. Kanuni ya nne, iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya Elinihaki, ilisema kwamba mhudumu hataruhusiwa kufanya mazungumzo yoyote na wajitoleaji. Aliifuata. Aliisoma kila alipofika kazini, kama mtu anayekagua vifungo vya shati.

Kila mtu aliyeingia kituoni, Elinihaki mwenyewe akiwamo, alivaa bangili iliyoonja damu kupitia ngozi na kuchora mstari wa kile kilichokuwa ndani ya makufuli. Mistari ya watu wanane ilikuwa bapa. Wa chumba cha saba ulikuwa na kilima. Kilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kikapanda kwa kasi, kikateremka polepole mpaka adhuhuri. Kila siku. Na nusu hiyo ya siku ndiyo saa ambazo dawa ilitakiwa kufanya kazi.

Aliyekaa chumba cha saba aliitwa Naetwe Mshana. Alikuwa na miaka sabini, na miaka arobaini kati ya hiyo aliitumia kwenda kijiji hadi kijiji akitengeneza pampu za maji za jua. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama spana. Uvimbe wake ulikuwa na milimita thelathini na moja siku ya kwanza, na thelathini na moja siku ya hamsini. Siku ya sitini kila uvimbe ungepimwa rasmi, na ambao ungekuwa haujapungua angalau milimita mbili ungemtoa mwenye nao kwenye majaribio, maana orodha ya wanaosubiri chumba ilikuwa ndefu. Akitoka hapo hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Daktari alikuwa amekadiria miezi mitatu.

*

Elinihaki alikitafuta chanzo cha kile kilima kama mtu atafutaye panya ndani ya nyumba. Alianza na uji. Aliupima ulezi upya, akabadilisha sufuria, akampa bakuli lililopaswa kwenda chumba cha nane. Kilima kikabaki. Akaikagua taa ya darini, labda ilikuwa ikiwaka mapema, akakuta inawaka saa ileile na nyingine zote. Akapima maji. Akapima sabuni. Akabadilisha bangili yenyewe.

Katikati ya hangaiko hilo, siku ya arobaini na nne, alipatwa na homa, akalala siku tatu katika chumba chake cha ng'ambo ya ua, naye daktari, akiwa Same, akakiendesha kigari cha chakula kwa mitambo ya mbali. Siku hizo tatu kilima hakikuonekana. Elinihaki aliliona jambo hilo alipopona, akalisema kwa sauti pale ofisini, na bado hakulielewa. Alidhani kigari kilikuwa kinapeleka uji ukiwa umepoa.

Siku ya hamsini na moja ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akiwa amechoka kutazama mstari wa saba, aliufungua mstari wa bangili yake mwenyewe, kwa udadisi tu. Tangu mkewe afariki, miaka minne iliyopita, hakuwa na desturi ya kujitazama. Mstari ulikuwa bapa kama wa wagonjwa. Jumatatu, daktari alipokuja, ulikuwa na kichuguu. Na kila asubuhi, isipokuwa zile siku tatu za homa, saa kumi na mbili na nusu, kulikuwa na kilima.

Aliiweka mistari miwili pamoja, wake na wa Naetwe. Ilipanda pamoja. Ilishuka pamoja. Ungesema imechorwa na mkono mmoja.

Akakaa chini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Asubuhi ya kwanza kabisa, aliposukuma bakuli la saba kwenye dirisha dogo, alimkuta mama mtu mzima amesimama upande wa pili akimtazama usoni, na kabla hajafikiri, mdomo wake ulikuwa umeshasema "Shikamoo, mama." Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu." Basi. Hakuna lililoongezwa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Lile bakuli na ile salamu vilikwenda pamoja. Wale wanane wengine walikuwa wadogo kwake, mkubwa wao ana miaka arobaini na tatu. Wao ndio waliopaswa kumwamkia, nao kwa kuwa walitia saini ya kunyamaza, walinyamaza, akawapita bila kuhisi amekosa neno. Lakini kumpita mtu wa umri wa mama yake, macho kwa macho, bila kumwamkia! Hilo halikumjia akilini hata siku moja. Wala haikumjia akilini kwamba ile kanuni ya nne ilihusu salamu. Mazungumzo ni mazungumzo. Salamu ni salamu.

Alikumbuka pia asubuhi aliyorudi kutoka kwenye homa. Mama Naetwe alimkagua juu mpaka chini, akasoma jina kifuani pake, akasema, "Umekonda, Mgonja. Au kigari kilikunyang'anya na uji wako?" Elinihaki hakujibu, maana hayo sasa yalikuwa mazungumzo. Alitabasamu tu. Akaitafuta siku hiyo kwenye skrini. Hicho ndicho kilichokuwa kilima kirefu kuliko vyote.

*

Jumatatu, siku ya hamsini na mbili, Daktari Kokuhirwa alipanda na ukungu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kuingia ofisini bila kumwamkia Elinihaki kwanza. Siku hiyo pia alimwamkia. Elinihaki akaitikia huku akiitazama bangili yake.

Alimweleza yote kwa utaratibu, kuanzia uji. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia ile mistari miwili, akauliza kama alikuwa akizungumza na mgonjwa.

"Hapana, Daktari," alisema Elinihaki. "Namsalimu tu."

Daktari aliinama, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Hakumkaripia. Alisema kwamba kanuni ile waliiandika watu watano, wote wasomi, wote waliolelewa na bibi zao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuandika neno salamu.

Elinihaki akajitolea kuondoka. Kigari kiendelee na kazi, yeye ashuke Same. Daktari akatikisa kichwa, akaikuza picha ya zile siku tatu za homa. Kilima hakikuwapo, kweli, lakini mstari mzima ulikuwa umeinuka kidogo, mchana kutwa, kama maji yanayojaa taratibu chini ya mlango.

"Alikuwa anakuwaza," daktari alisema. "Labda alikuwa anakuombea. Mzee Mgonja, kumwombea mtu nako ni kuwa naye. Ukitoweka atakuwaza mpaka siku ya sitini."

"Basi nimweleze. Nimwambie nanyamaza kwa ajili ya afya yake."

"Atajua kwamba kila asubuhi kuna mtu anayejizuia kwa ajili yake. Kuna ushirika gani kuupita huo?"

Elinihaki alitazama dirishani. Nje ukungu ulikuwa umeufunika ua, hata mlango wa chumba chake hakuuona. Alimwuliza daktari afanye nini hasa. Daktari akamwambia apite kama kawaida, saa ileile, kwa hatua zilezile. Aonekane. Aweke bakuli. Asiseme neno, asitabasamu, asiitikie.

"Ataniona mtu wa namna gani?"

"Atakuona huna adabu. Huzuni haiizuii dawa. Hasira haiizuii. Kinachoizuia ni furaha."

"Na hilo alilitilia saini?"

Daktari alichukua koti lake kitini. "Alitia saini kukaa peke yake."

"Kukaa peke yake na kudharauliwa si kitu kimoja, Daktari."

"Najua." Alivaa koti lake, akalivua tena. Akasema kwamba hawezi kumlazimisha. Mgonjwa ana haki ya kujua; kama Elinihaki akiona ni haki amwambie, na amwambie. Yeye ataandika kwamba mama ametoka kwenye majaribio baada ya kujua, na Jumatatu ijayo atateremka naye. Uamuzi ulikuwa wa mtu anayepeleka bakuli, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa pale.

*

Asubuhi ya siku ya hamsini na tatu Elinihaki alifika dirisha la saba akiwa bado hajaamua. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoiandika usiku, mistari sita ya mwandiko wake mzuri wa shule ya jioni, inayoeleza kila kitu. Mama Naetwe alikuwa amesimama mahali pake, kanga imefungwa vizuri. Elinihaki alisukuma bakuli. Ulimi ulikuwa tayari umepanda. Akauuma.

Alikwenda chumba cha nane kwa haraka, uji ukamwagika. Nyuma yake hakusikia kitu. Mama labda alidhani hakumwona.

Saa nne alitazama skrini. Kilima kilikuwapo, lakini kifupi, kama mtu aliyeanza kuinuka akasita.

Siku ya pili ya ukimya huo Mama Naetwe alimtania. Alimwuliza kama leo ameamkia mguu gani, na kama uji umemkauka kooni. Elinihaki alitazama bakuli. Siku ya tatu mama hakutania. Alingoja mpaka dirisha dogo lifunguke, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka somo:

"Hujambo, mwanangu?"

Mtu mzima amemtangulia kwa salamu. Huko alikozaliwa Elinihaki, ukifikishwa hapo unaulizwa umelelewa na nani. Alisikia joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Alisimama palepale, na pengine ilikuwa pumzi mbili, pengine tatu. Kisha akageuka. Mstari wa siku hiyo ulikuwa bapa mpaka adhuhuri, na wake pia.

Siku ya tano hakumkuta amesimama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kijiko cha jana.

"Umeambiwa ninakufa, sivyo?" alisema bila kumtazama. "Nimekaa nimelifikiria. Mtu haachi kusalimu hivi hivi. Wameshaniondoa kwenye orodha, na wewe unaona aibu kuniangalia."

Hapo mkono wa Elinihaki uliingia mfukoni wenyewe. Aliishika ile karatasi. Aliwaza kwamba hakuna dawa iliyostahili kununuliwa kwa uongo huu, kumwacha mama wa watu akae na mauti aliyojitungia, huku ukweli umekunjwa umbali wa mkono mmoja. Angeusukuma chini ya bakuli, mama angesoma, angecheka pengine, angesema "Kumbe!" Na kile kilima kingepanda kuliko siku zote. Angeteremka Jumatatu akiwa ameheshimiwa. Angeheshimiwa kwa miezi mitatu.

Tena aliwaza jambo lililomwogopesha zaidi: kwamba karatasi hiyo aliiandika kwa ajili yake mwenyewe. Miaka minne hakuna aliyemwita mwanangu wala mume wangu wala chochote. Ile "marahaba" ndiyo iliyokuwa neno lake la siku nzima. Je, anayetaka kusikia ukweli ni Naetwe, au ni Elinihaki anayetaka kusafishwa?

Aliiacha karatasi mfukoni, akasukuma bakuli, akaenda. Alipofika jikoni aliikunjua akaitia kwenye moto uliokuwa chini ya sufuria, si kwa ushujaa, ila kwa sababu alijijua kwamba kesho hataweza tena.

*

Siku ya hamsini na nane, saa tatu asubuhi, skrini ya ofisi ilitoa mlio ambao Elinihaki hakuwahi kuusikia. Ilikuwa fomu ya malalamiko. Wajitoleaji walikuwa na haki ya kuandika malalamiko wakati wowote kwa kamati ya kituo, na kwa siku hamsini na saba hakuna aliyeitumia haki hiyo. Sasa ilikuja kutoka chumba cha saba.

Naetwe Mshana aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu aliyezoea kuandika juu ya matangi. Alisema kwamba haombi kupona kwa nguvu, na akifa atakufa. Lakini mhudumu Mgonja, aliyeanza kazi akiwa mtu mwenye malezi, amegeuka. Yeye, mkubwa, amemsalimia mdogo, na mdogo hakuitikia. Katika maisha yake amegombana na wenyeviti wa vijiji, na mafundi wezi, na wakwe wawili, na hakuna hata mmoja aliyempita kama anapita jiwe. Anaomba mtu huyo aondolewe. Chini aliongeza kwamba hata kigari kilikuwa na adabu kuliko yeye, kilipiga kengele.

Elinihaki aliisoma mara mbili. Mara ya pili alijikuta anacheka, na kicheko kikakatikia njiani.

Sehemu ya pili ya fomu ilikuwa tupu, mistari kumi, yenye kichwa kilichosema: maelezo ya anayelalamikiwa. Kwa mujibu wa taratibu, mlalamikaji angepewa nakala ya maelezo hayo siku hiyohiyo. Daktari alipiga simu. Alikuwa ameiona fomu, na sauti yake ilikuwa ya chini. Akamwambia kwamba anaweza kuchelewesha jibu kwa siku mbili, mpaka kipimo kipite. Ila kipimo kikipita bado kutabaki siku sitini za dawa, na jibu lolote la kujitetea litakuwa na ukweli ndani yake, na mama si mjinga. Akikiri, kamati itamwondoa kituoni, na kwenye faili lake itaandikwa sababu. Faili hilo litakwenda naye kila atakapoomba kazi. Hakumwambia achague nini.

Elinihaki alisema amesikia. Aliitazama ile mistari kumi. Alikuwa mtu anayependa kuandika, na alijua kuandika vizuri. Kwa miaka mitatu alikuwa akitembea kilomita sita baada ya kazi ili ajifunze kupanga sentensi. Mistari kumi ilimtosha sana. Akaandika kwenye mstari wa kwanza:

"Ni kweli. Sina la kujitetea."

Akatia saini, akatuma.

Siku ya hamsini na tisa, Jumatatu, alipeleka uji kwa mara ya mwisho. Kamati ilikuwa imeshaamua, na daktari angemchukua jioni. Mama Naetwe alikuwa amekaa akiupa mgongo ukuta wa kioo, skrini yake ndogo imewaka mapajani, na Elinihaki aliweza kuona kwamba lililokuwa limefunguka pale ni jibu lake, sentensi mbili na saini. Bakuli liliposukumwa hakugeuka. Ila alisema, si kwa Elinihaki, kwa ukuta uliokuwa mbele yake:

"Angalau si mwongo."

Elinihaki aliingia ofisini bila kumaliza vyumba vya nane na tisa, akaenda moja kwa moja kwenye skrini, maana maneno yale yalikuwa na kitu kinachokaribia upole, naye aliogopa. Aliufungua mstari wa saba. Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imepita kwa dakika nne. Akangoja. Kesho wangempima, na ndani ya siku hizi chache picha za kila asubuhi zilikuwa zimeanza kusoma thelathini, kisha ishirini na tisa na nusu; ilibaki nusu milimita tu. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Alikumbuka wagonjwa wawili hawajala, akawapelekea, akarudi mbio. Alikaa kiti kilekile, koti limevaliwa tayari, mpaka adhuhuri.

Mstari haukuinuka.